Anza na Njia ya Karibu, Ndipo Uchague Pwani

Pwani nyingi huchaguliwa kwa picha. Picha hiyo imepigwa maji yakiwa yamejaa, katika mwezi mzuri kuliko yote, na aliyeipiga amesubiri upepo utulie. Wewe utafika siku nyingine, saa nyingine, na miguu yako mwenyewe. Ndiyo maana nashauri safari ya pwani ianzie mbali na bahari, kwenye njia ya miguu iliyo karibu na unapoishi. Huko utajua mwendo wako, utajua unavumilia jua kiasi gani, na utajua kama unapenda kupanda au unapenda tambarare. Ukiwa na majibu hayo mkononi, pwani nyingi zitajiondoa zenyewe kwenye orodha.

Hatua ya 1: Pima njia kwa saa, usiipime kwa kilomita tu

Kilomita 8 za bonde si kilomita 8 za mlima. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji bado wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 10 yenye mwinuko wa mita 600 ni saa 3. Hapo hujahesabu mapumziko, picha, wala kumsubiri mtoto aliyeona mjusi.

Kanuni hiyo ilitungwa na mtu mwenye miguu ya mlimani. Yako utaipata kwa kujaribu. Chukua njia fupi unayoifahamu, piga hesabu kwa kanuni ya Naismith, kisha tembea kwa raha zako na uangalie saa mwishoni. Kama hesabu ilisema saa 3 nawe umetumia 4, basi kila makadirio utakayofanya baadaye yaongeze theluthi. Namba hiyo moja ina thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama utafika kabla ya giza, na huko pwani itakuambia kama utavuka kabla maji hayajarudi.

Mwinuko unausoma kwenye mistari ya kontua ya ramani. Mistari iliyobanana ni mteremko mkali, na iliyoachana ni ardhi ya polepole. Ramani ya simu inafaa sana, ila ipakue kabla ya kuondoka nyumbani, maana mtandao hupotea mabondeni. Kuiweka simu katika hali ya ndege huokoa chaji, na bado itaonyesha ulipo.

Hatua ya 2: Miguu kwanza, mengine baadaye

Nunua viatu alasiri. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokutosha vizuri asubuhi dukani kitakubana njiani. Acha nafasi mbele ya vidole, hasa kwa ajili ya kushuka, kwani ni wakati wa kushuka ndipo kucha hugonga ncha ya kiatu mpaka zikageuka nyeusi. Soksi za pamba huhifadhi jasho, na ngozi yenye unyevu ndiyo hufanya malengelenge. Za sufu nyembamba au za nyuzi za sintetiki ni bora zaidi. Ukihisi joto mahali pamoja kwenye kisigino, simama papo hapo ubandike plasta. Wengi hujiambia watavumilia hadi kilele, na kufikia hapo lengelenge limeshapasuka.

Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea ni mahali pazuri pa kuanzia kama hali ya hewa ni ya kawaida. Kwenye joto kali au mlima mrefu utahitaji zaidi, na kama unatoka jasho jingi kwa saa nyingi, ule pia kitu chenye chumvi. Ndani ya mkoba kuwe na koti la mvua, tochi yenye betri nzima, filimbi, kisanduku cha huduma ya kwanza na chakula kidogo cha ziada. Hata kwa matembezi ya mchana weka tochi. Karibu na ikweta jua likizama giza halichelewi, na aliyepanga kurudi "jioni jioni" hujikuta anatafuta njia kwa kupapasa.

Hatua ya 3: Weka saa ya kugeuka

Hii ndiyo tabia ninayoisisitiza kuliko nyingine. Kabla hujapiga hatua ya kwanza, tamka kwa sauti mbele ya wenzako: "Ikifika saa 7 mchana, popote tulipo, tunageuka." Uamuzi huo ni rahisi ukiwa chini na akili imetulia. Ukiwa umebakiza dakika 30 kufika kileleni, uchovu na hamu vitakushawishi vibaya. Mwambie pia mtu aliyebaki nyumbani unakwenda njia ipi na utarudi saa ngapi, na ukirudi mpigie simu.

Radi ni sababu nyingine ya kugeuka. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa 3. Jibu ni umbali kwa kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, teremka kutoka mahali pa juu na palipo wazi, achana na mti uliosimama peke yake, utafute jengo au gari. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kanuni hii inafanya kazi ufukweni vilevile, ambapo kichwa chako mara nyingi ndicho kitu kirefu kuliko vyote.

Ukipotea, simama. Rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika, usijaribu kukata njia ya mkato. Ukihitaji msaada, ishara ya milimani ni milio 6 ya filimbi ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha unarudia. Atakayekusikia hujibu kwa milio 3.

Adabu za njia ni chache. Anayepanda apishwe na anayeshuka. Takataka zote zirudi nawe, hata maganda ya matunda. Haja kubwa ichimbiwe shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji na njia. Kwenye tope pita katikati, ukubali kuchafuka. Kila anayelizunguka anaitanua njia na kuua majani ya pembeni.

Hatua ya 4: Jiulize maswali manne

Baada ya kutembea mara kadhaa, keti uandike. Je, ulifurahia zaidi kupanda au kufuata mto? Jua la mchana lilikuchosha kwa kiwango gani? Ulipendelea njia yenye watu au ukimya? Na uliotembea nao, je, walikuwa na mwendo wako?

Majibu haya ni ya pwani kabisa. Anayechoshwa na jua asichague ufukwe mrefu usio na mti, maana mchanga huakisi takriban asilimia 15 ya mionzi inayochoma ngozi na povu la bahari huakisi asilimia 25 hivi. Kofia pekee haizuii kinachotoka chini. Anayependa kupanda atachoka na kisiwa tambarare siku ya tatu. Aliye na watoto wadogo au wazee anahitaji maji matulivu na hatua chache kutoka kitandani hadi mchangani, na hilo lina uzito kuliko mandhari.

Hatua ya 5: Chagua mwezi, kisha mahali

Hapa ndipo fedha nyingi za likizo hupotea. Watu huanza na jina la kisiwa, kisha hutafuta tarehe. Geuza. Anza na mwezi ulio nao likizo, kisha uulize: mwezi huu, ni pwani zipi zina upepo mzuri na maji matulivu?

Sri Lanka ni mfano ninaoupenda, kwa kuwa ni kisiwa kimoja chenye majira mawili. Pwani ya kusini magharibi, kuanzia Galle hadi Mirissa, ina bahari tulivu takriban Desemba hadi Machi. Ikifika katikati ya mwaka upepo wa kusi unaipiga, na utulivu unahamia upande wa mashariki, Trincomalee na Arugam Bay. Mtu aliyelipia hoteli ya Mirissa mwezi Juni atakuta bahari iliyochafuka, ilhali umbali wa siku moja ya safari kuna maji matulivu.

Katika Atlantiki na Karibi, majira ya vimbunga yanahesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Bei za miezi hiyo hushuka, na sababu ni hiyo. Aruba na Curaçao ziko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga hivyo, basi mwenye likizo ya Septemba aziangalie kwanza. Kaskazini mwa Australia, kuanzia Novemba hadi Mei, kuna yavuyavu wenye sumu kali inayoweza kuua, na watu huogelea ndani ya nyavu za kinga. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kaskazi na kusi ndizo huamua upande upi wa kisiwa una mawimbi.

Upande wa kisiwa ni jambo kubwa. Mahali ambapo upepo huvuma kutoka upande mmoja karibu mwaka mzima, kama Hawaii, upande unaopigwa na upepo hupata mvua nyingi na mimea minene, na upande wa kisogoni huwa mkavu, wenye jua na maji tulivu zaidi. Visiwa vingi vyenye milima vina nyuso mbili za namna hii. Anayetaka kutembea msituni alale upande wa mvua, na anayetaka kuogelea alale upande mkavu. Kwa familia iliyogawanyika, tafuta mji ulio kwenye rasi kati ya pande hizo.

Usidanganywe na jua kuhusu ubaridi wa maji. Pwani ya Namibia imo jangwani, lakini mkondo wa Benguela unaleta maji baridi na ukungu hadi Swakopmund. California nayo ina jua tele na bahari inayotetemesha. Tafuta joto la maji la mwezi wako, sio joto la hewa. Chini ya nyuzi 15 mwili hushtuka na pumzi hukatika ghafla hata kwa muogeleaji hodari. Nyuzi 26 na kuendelea, mtoto anaweza kucheza muda mrefu bila midomo kugeuka rangi.

Hatua ya 6: Soma jedwali la kupwa na kujaa kabla hujalipa

Wageni wengi wa pwani hushtuka asubuhi ya kwanza wakikuta bahari "imeondoka". Haikuondoka. Imekupwa, na jedwali lilitaja saa yake tangu mwaka uliopita.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila baada ya saa 24 na dakika 50. Zile dakika 50 ndizo hufanya kila siku ichelewe: maji yakijaa leo saa 3 asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa 4. Siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa na bamvu, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Kina cha tofauti hiyo hubadilika mno kati ya pwani na pwani. Katika Mediterania na sehemu kubwa ya Karibi ni kidogo kiasi kwamba mgeni haoni. Katika Ghuba ya Fundy, Canada, hufika karibu mita 16. Penye tofauti ya mita 3 au 4 na ardhi iliyolala, bahari inaweza kurudi nyuma kilomita nzima, na kwa saa kadhaa hakuna pa kuogelea.

Kuna siri ndogo hapa ambayo wanaopanga safari hawaitumii vya kutosha. Katika pwani za aina hii, bamvu la mahali fulani huangukia saa zilezile za siku, mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo unaweza kuchagua wiki yako kwa kuangalia mwezi angani. Anayetaka kutembea juu ya mwamba uliokauka akitazama kaa na nyota za bahari apange wiki ya bamvu. Anayetaka kuogelea wakati wowote apange wiki ya maji mafu. Safari hiyohiyo, gharama ileile, tofauti ya siku saba.

Kwa mtembeaji, kupwa ni barabara. Mchanga mkavu na laini unaweza kudai nguvu mara mbili ya ardhi ngumu, ila mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu na mtamu kwa miguu. Ondoka saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, ili nusu ya safari yako iwe bahari inarudi nyuma. Kumbuka pia kwamba maji hayapandi kwa kasi moja. Kati ya saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne ndizo kali: penye tofauti ya mita 4, kila moja ya saa hizo mbili huinua maji karibu mita nzima. Ukiwa chini ya jabali na njia ya kutokea ni moja, huo ni muda wa kuwa umeshaondoka.

Hatua ya 7: Hakikisha bahari inaogeleka

Ufukwe mzuri kwa macho unaweza kuwa mbaya kwa mwili. Uliza kama kuna waokoaji katika mwezi wako, kwani fukwe nyingi huwa nao msimu mmoja tu. Bendera mbili, kila moja nyekundu juu na njano chini, huonyesha eneo linalolindwa, nawe ogelea kati ya hizo mbili. Njano peke yake ni tahadhari. Nyekundu ni hatari kubwa, mbili nyekundu maana yake maji yamefungwa. Ya zambarau inaonya juu ya viumbe wanaochoma.

Alama ya Blue Flag, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985, husaidia kuchuja orodha. Fukwe hupewa kwa vigezo vya usafi wa maji, mazingira, usalama na huduma, nazo hukaguliwa upya kila msimu. Haikuambii ukubwa wa mawimbi ya leo.

Hatari inayoua wengi ni mkondo unaovuta kwenda bahari kuu. Mawimbi huleta maji ufukweni, na maji hayo hutafuta mlango wa kurudia. Mlango huo huonekana kama mfereji wa maji ya giza na yaliyotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika, na ndiyo sababu mgeni huuchagua akidhani ni salama. Kasi yake inaweza kumshinda hata muogeleaji wa Olimpiki. Ukinaswa, usipigane nao kuelekea nchi kavu. Elea, inua mkono uombe msaada, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mfereji, ndipo urudi kwa mshazari pale mawimbi yanapovunjika. Wafundishe watoto hili kabla ya safari, mkiwa nyumbani, kwa kuchora mchangani au kwenye karatasi.

Kwenye maji ya kina kifupi buruta nyayo badala ya kupiga hatua, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia mchangani akusikie na kuondoka. Penye matumbawe vaa viatu vya maji, na usikanyage matumbawe hai. Na iwapo tetemeko kubwa litaitikisa ardhi, au bahari irudi nyuma ghafla nje ya saa ya jedwali, kimbilia mahali pa juu bila kungoja tangazo.

Hatua ya 8: Tafuta pwani yenye njia yake

Kwa aliyependa kutembea, pwani bora ni ile inayotembeleka. Wales ilifungua mwaka 2012 njia inayoizunguka pwani yake yote, kilomita 1,400, nawe unaweza kuchukua kipande cha asubuhi moja tu. Cinque Terre nchini Italia ina vijiji vitano vilivyounganishwa kwa vijia vya mlimani juu ya bahari. Njia ya Lycia nchini Uturuki inafaa aliyezoea milima. Njia ya Kalalau, Hawaii, inahitaji kibali ukitaka kuingia ndani zaidi, na Otter Trail ya Afrika Kusini hutembewa kwa siku tano, ambapo siku ya nne unavuka mdomo wa mto Bloukrans maji yakiwa yamekupwa.

Kwa anayeanza ningependekeza Abel Tasman, New Zealand, kilomita 60 za mchanga wa dhahabu na msitu, ambazo unaweza kuzikata kwa mashua ukichoka. Lakini kwenye hori la Awaroa hakuna daraja. Huvukwa tu kuanzia saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa hadi saa mbili baadaye. Hapo ndipo ile namba yako ya Hatua ya 1 inapolipa: ukijua mwendo wako halisi, utajua uondoke kambini saa ngapi.

Hatua ya 9: Lipa kidogo, fika mapema

Andika pwani tatu zilizobaki. Kwa kila moja weka mstari mmoja: joto la maji la mwezi wako, tofauti ya kupwa na kujaa, waokoaji wapo au hawapo, njia ya miguu iliyo karibu na kitanda. Iliyo na pengo kubwa iondoke. Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenyeji maswali mawili: maji yakikupwa huogelewa wapi, na upepo wa mwezi huu unatoka upande gani? Jibu la moja kwa moja ni dalili ya mwenyeji anayeijua pwani yake. Lipia siku mbili tatu za mwanzo zinazoweza kubadilishwa, ili ukikuta upande umekosea uhamie ng'ambo.

Siku ya kufika usiogelee mara moja. Panda mahali pa juu kidogo utazame maji kwa dakika 20: mawimbi yanavunjika wapi, mfereji wa giza uko wapi, wenyeji wanaingilia wapi. Kisha mwombe mwokoaji au mvuvi akuonyeshe sehemu asizozipenda yeye mwenyewe, uziweke alama kwenye ramani ya simu yako.